Kifuniko Kilichobaki Kumsenga

Kila anayeingia saluni siku hizi ananiuliza kabla hata hajavua kilemba: Zuhura, kamera nzuri hivi, mbona umeifunga kitambaa usoni kama mtu anayeumwa jino? Nimejibu vipande vipande, huku nasuka, huku nasuuza vichwa, na matokeo yake kila mtu ameondoka na hadithi yake. Mama Pendo anadai niliibiwa njiani. Mwajuma amewatangazia watu sokoni kwamba nilikwenda Kibondo kuposwa. Basi nimekaa nikaandika, nibandike karibu na kioo, anayetaka asome wakati dawa inakolea kichwani.

Wageni wa saluni hii wajue kwanza kwamba mimi hukusanya kamera za zamani za mkanda, na sikusanyi za kuweka kabatini. Nazitumia sokoni, kwenye harusi, hapa saluni mtu akitoka na nywele za kujivunia. Ninazozipenda ni zile ambazo ukichungulia, katikati ya dirisha kuna doa la manjano, na ndani ya doa hilo mtu anaonekana wawili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wakae kitu kimoja, ndipo unabofya. Shikeni jambo moja, mtalihitaji mbele: dirisha unalochungulia halipiti kwenye lenzi. Ni tundu jingine kabisa, juu pembeni.

Tabora mpaka Kasulu

Aliyeniponza ni Mzee Shabani, muuza vitenge wa Kasulu, ambaye tulijuana kwa sababu ya vitenge ninavyonunua kwake. Siku moja alinitumia picha kwenye simu: kamera ya Kijapani, mfuko wake wa ngozi ya kahawia, mkanda wa shingoni, na kifuniko cheusi cha lenzi, kile kile ilichozaliwa nacho. Kamera zangu zote zilinifikia bila vifuniko, vilishapotea mikononi mwa watu. Nikaandika, "Nainunua." Akajibu, "Njoo, utapata."

Basi likaharibika tulipokwisha kuipita Uvinza. Dereva akaingia chini ya gari, akatoka, akaingia tena, na kila alipotoka alisema neno jipya juu ya ugonjwa wa gari. Abiria tukatawanyika kutafuta chakula. Mama mmoja alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha na dagaa wa Kigoma, akaniuliza naenda kufuata nini Kasulu.

"Kamera," nikasema.

"Simu yako haipigi picha?"

"Inapiga."

Alinitazama, akaniongezea kipande cha muhogo. Nadhani alinihurumia.

Kasulu nilimkuta Mzee Shabani nyuma ya vitenge vyake, kofia kichwani. Alinikaribisha chai ya tangawizi, akaniuliza habari za Tabora, za mama yangu, za mvua. Mimi macho yalikuwa kwenye rafu. Mwishowe nikauliza kamera iko wapi.

"Iko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Mimi nimepiga picha yake tu, nilipokwenda kumjulia hali. Ya Mzee Nizigama, Kumsenga huko, mbele ya Kibondo."

Nilitamani kulia. "Sasa Mzee Shabani, si ungeniambia nishukie Kibondo moja kwa moja?"

"Hapana, binti yangu. Kwanza utapita Nyakitonto, umsalimie kaka yake mkubwa."

"Kwani kamera ni ya kaka mtu?"

"Si yake. Lakini ukienda bila kupita kwake, hutapata kitu."

Nikamuuliza basi bei ni kiasi gani, ili niweke akili sawa. Alikohoa, akamwita mteja ambaye hata hakuwa ameingia dukani.

Kasulu mpaka Nyakitonto

Nilipanda mchomoko, zile gari ndogo za abiria ambazo haziondoki mpaka dereva aridhike, na yule wangu haridhiki upesi. Tulizunguka stendi mpaka nikazijua nyuso za wauza karanga. Nilifika Nyakitonto nimejaa vumbi na hasira.

Mzee Barnaba, kaka mkubwa, alikuwa anaanika maharage uani. Nilimpa shikamoo, nikampa sukari na sabuni nilizobeba. Alipokea kwa mikono miwili, akaniwekea kigoda, akaanza kunihoji polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi.

"Baba yako yupo?"

"Alishafariki, mzee."

"Yoo, pole. Na nyumba unayokaa, inavuja?"

Nikashangaa. "Haivuji."

"Hiyo kitu, utailaza wapi?"

"Kamera?"

"Ego, ndiyo hiyo kamera."

"Ina sanduku lake, mzee. Naweka na mchele kidogo ndani ya kitambaa, unyevu usiingie."

Alifikiri sana juu ya ule mchele. "Na wewe ukiwa mgonjwa, nani ataiangalia?"

Jamani, nimenunua kamera Arusha, nimenunua Mwanza, hakuna aliyewahi kuniuliza nikiugua nani ataiangalia kamera. Nilianza kuhisi kwamba mimi na huyu mzee tunazungumza mambo mawili tofauti, na kila nikijitahidi kuyaweka pamoja yanaachana. Nikaona nikate mzizi wa fitina. Nikamtajia bei, nzuri tu, ya mtu mwenye shida.

Mzee Barnaba akageukia maharage yake. Akasema mwaka huu mvua imechelewa. Nikaongeza bei. Akasema hata mahindi hayakustawi. Nikaongeza tena, akaniletea maji ya kunawa. Tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese, mimi nikiamini safari imekufa pale pale. Kumbe wakati naaga aliinuka, akanishika mkono, akasema, "Nenda. Nitawaambia kwamba una adabu, ila una haraka."

Sikuelewa hata kidogo kama nimeshinda au nimeshindwa.

Nyakitonto mpaka Kibondo

Kibondo nilipokelewa na Konsolata, binti wa Mzee Nizigama, mwanamke wa rika langu anayeuza nguo za watoto karibu na stendi. Alikuwa ameshapigiwa simu na baba yake mkubwa. Alinicheka hata kabla ya salamu.

"Ndiye wewe uliyempandishia mzee bei kama mnada?"

"Alikuwa hajibu!"

"Angejibu nini, dada?"

Nililala kwake, na asubuhi akanipeleka dukani, akanunua kreti ya soda. Nikamuuliza za nini. Akasema za kuombea. Nikamwambia siendi kuomba, naenda kununua, fedha ninazo. Akasema kwa kawaida ingekuwa pombe ya ndizi, lakini amesikia mimi ni Muislamu, basi watafanya hivyo hivyo kwa soda. Nikamuuliza watafanya nini kwa soda. Akasema tutachelewa.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua mambo, na kutojua kunanikera. Tulipopanda bodaboda, yeye na kreti kwenye moja, mimi na mfuko wangu kwenye nyingine, nilikuwa nimenuna kama mtoto.

Kibondo mpaka Kumsenga

Mzee Nizigama alikuwa amekaa mlangoni, shati limenyooshwa, macho yamefunikwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho. Mkewe, Mama Daforoza, ni mwembamba, mwepesi, na anatazama vitu vizuri kabla ya kuvigusa. Walizaliwa Burundi wote wawili, wakavuka na wazazi wao wakiwa vijana, na sasa ni Watanzania wa kura na kitambulisho. Kwa miaka mingi mzee ndiye aliyekuwa mpiga picha wa vijiji vile: harusi, kipaimara, picha ndogo za vitambulisho.

Soda zikamiminwa kwenye kibuyu. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Chungwa na nyeusi pamoja, ndani ya kibuyu cha pombe, mirija mirefu ikachomekwa, na mimi na Mzee Nizigama tukanywa kwa zamu huku ndugu na majirani wametuzunguka. Ladha yake siisemi.

Kisha mzee akaniwekea kamera magotini. Nikaivua kifuniko, nikachungulia. Dirisha safi, doa la manjano bado linang'aa. Kipima mwanga kilishakufa, lakini mimi mwanga naukadiria kwa macho. Kifyatuo kililia kile kilio kidogo cha kamera iliyotunzwa. Nikasema, "Mzee, niambie mwenyewe bei."

Watu wakaguna. Konsolata akanifinya.

"Siuzi," akasema mzee kwa upole. "Nakugabira."

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo lilifaa nielezwe tangu Kasulu. Baba yake alivuka na ng'ombe mmoja. Fundi picha mmoja wa Kasulu alipotaka kuacha kazi, ng'ombe yule akaenda kwake na kamera ikaja kwa kijana Nizigama. Kwao ng'ombe wa namna hiyo hauzwi. Kugabira ndiko kumpa mtu aliyekuja kukuomba, ambaye umeulizia tabia zake na zizi lake, na akizaa, ndama mmoja anarudi kwa aliyetoa. Kuanzia hapo ninyi si watu baki tena.

"Kwa hiyo hii ni yule ng'ombe," nikasema.

"Ni yule," akasema mzee. "Ndama wake ni picha."

Na ndama wa kwanza walishamchagua. Mzee alikuwa amepiga picha watu wa tarafa nzima, lakini yeye na mkewe hawana hata moja wakiwa pamoja, kwa sababu siku zote yeye alikuwa nyuma ya kamera. Mama Daforoza alinisogelea, akaniambia chini chini, "Yeye hataiona. Nitamsimulia mimi." Kisha akaingia ndani kuvaa.

Nilitia mkanda, mmoja tu niliokuwa nao, maana filamu siku hizi ni za kubembeleza. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, nikairudishia kamera kifuniko chake nikisubiri. Mama Daforoza akatoka na kitenge kipya cha njano na kilemba chake, akakaa pembeni ya mumewe, akamshika mkono. Nikachungulia. Walikuwa wawili wawili, nikazungusha, wakawa wawili. Nikabofya.

Uso wa Mama Daforoza ukabadilika. Nikadhani ni haya. Nikasogea, nikabofya tena, nikapiga na Konsolata yupo, na majirani wote. Kadiri nilivyopiga ndivyo watu walivyozidi kupoa. Mmoja akaenda kuchota maji. Mwingine akakumbuka mbuzi. Mama Daforoza akaachia mkono wa mumewe, akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa nguo za kazi. Mzee peke yake ndiye aliyebaki anatabasamu, uso ameuelekeza penye sauti yangu.

"Zimekaa vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana, mzee."

Mama Daforoza akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. Chakula kililetwa, maharage na mchicha wa lengalenga, na nikala nikihisi kama mtu aliyevunja kitu asichokiona. Waliniaga kwa heshima zote. Hakuna aliyenisindikiza mpaka barabarani, ila Konsolata, na yeye hakunicheka tena.

Kumsenga mpaka Kibondo

Njia nzima nilijihoji. Ni kwa sababu nilitaja bei? Ni ile soda, nilikunja uso? Kibondo tuliketi mbele ya nguo zake za watoto kusubiri gari langu, na nikaona nimwachie Konsolata kumbukumbu. Nikainua kamera. Mkanda ulikuwa umekaribia mwisho.

Akaweka kiganja mbele ya uso. "Usijisumbue, dada. Tumeelewa."

"Mmeelewa nini?"

"Hutaki. Si vibaya. Mtu anaweza kukataa ng'ombe."

"Nani amekataa? Konsolata, nimekosa nini?"

Alinitazama kama anayekadiria nguo ya mtoto asiyekuwepo. "Baba enzi zake, watu walikuwa wanamzonga harusini, mpige huyu, mpige yule, na mkanda umekwisha. Hakutaka kuwatia aibu. Anaacha kifuniko, anabofya, watu wanafurahi. Sisi wa nyumbani tukiona kifuniko, tunajua hiyo ni picha ya adabu. Haitatoka."

Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye lenzi. Kikagusa bati la kifuniko.

Wapendwa, mimi ninayewacheka wanaoanza. Mimi niliyemfokea Mwajuma kwa kuweka kidole mbele ya lenzi ya simu. Niliona wazi, kila kitu safi, wawili wakawa kitu kimoja, kwa sababu dirisha lile halijali kama lenzi imefumba. Kamera zangu nyingine hazina vifuniko, mkono wangu haujui kazi ya kuvua. Picha zote zile zilikuwa tupu. Na watu wale walikaa pale wakaniona nawakataa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa tabasamu, na kwa adabu yao hawakusema kitu mbele ya mzee asije akajua kwamba ng'ombe wa baba yake amekataliwa.

Nililia pale pale stendi, kati ya soksi na vikofia. Nilimwonyesha Konsolata kifuniko, nikamwapia kwa kila kitu. Kwanza hakuamini kwamba mtu wa kamera nyingi anaweza kusahau hivyo. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Gari langu lilipopiga honi tulikuwa tunatafuta bodaboda.

Kumsenga tena

Mama Daforoza alikuwa anachambua maharage. Aliponiona, alisimama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Umemrudisha," akasema. Alikuwa ameshajiandaa kuipokea kamera.

"Hapana, mama. Sikujua kama imefungwa."

"Ulichungulia. Wewe uliona."

"Niliona. Lakini kinachoona si kinachopiga. Tazama." Nikampa kamera. Nikamwambia achungulie, kisha nikaivua kifuniko, nikakirudisha, nikakivua tena. Kule dirishani hakukubadilika kitu. Alirudia yeye mwenyewe, anavua, anarudisha, jicho kwenye tundu. Kutoka ndani Mzee Nizigama akauliza nani amekuja.

"Mgeni wako," mkewe akajibu, bado anachungulia. "Amesahau kitu."

Kisha akaingia kubadili nguo. Hakumweleza mumewe lolote, ila nilimsikia akimwambia avae lile shati tena, mwanga wa sasa ni mzuri zaidi. Mzee akavaa bila ubishi.

Kwenye mkanda zilikuwa zimebaki nafasi chache mno. Nilivua kifuniko, nikamkabidhi Mama Daforoza mkononi, akiona, akakifunga ndani ya ngumi. Nilikadiria mwanga, nikakadiria tena. Wawili wawili. Nikazungusha. Wawili. Nikabofya, nikavuta mkanda, nikabofya tena, na kirungu cha kuvutia mkanda kikagoma. Mkanda ulikuwa umekwisha.

Wakati wa kuaga nilinyoosha mkono nipewe kifuniko. Mama Daforoza akaficha ngumi nyuma ya kitenge, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Hiki kinabaki," akasema. "Ndama akija, tutazungumza."

Safari hii walinisindikiza wote mpaka barabarani, hata yule wa mbuzi, na lenzi nikaifunga kitambaa hicho mnachoniulizia.

Nyumbani

Mkanda niliusafisha mwenyewe, bafuni kwangu, roho mkononi. Ulitoka mweupe mwanzo hadi karibu na mwisho, kama dirisha lisilo na mtu. Halafu, kwenye ncha kabisa, wakatokea.

Nimetoa mbili. Moja iko kwenye bahasha ngumu na itakwenda Kumsenga kwa mikono yangu, maana Konsolata ameniambia ndama hapelekwi na kondakta. Nyingine ndiyo hiyo hapo pembeni ya kioo, mnaweza kuisogelea. Mzee Nizigama anatabasamu kidogo upande, pale alipodhani nimesimama. Mama Daforoza amemshika mkono, na mkono mwingine umefunga ngumi juu ya paja, kifuniko kimo ndani humo. Na ukimtazama vizuri utaona hanitazami mimi wala mtu mwingine. Ameikazia lenzi macho, anahakikisha iko wazi.